Mwaka Nilioziba Madirisha ya Kirimi

Kamati ya mazishi ilitaka niandike ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja tu, Wangeci aliniambia kwa simu Jumatatu asubuhi, wa kuingia kwenye kile kijitabu cha rangi wanachogawiwa waombolezaji, chini ya kichwa "Kutoka kwa Wanafunzi Wake". Babake alikuwa amefariki Ijumaa, na kati ya wote tuliopitia karakana yake mimi ndiye niliyejulikana zaidi. "Wewe ndio umetoka mbali na yeye, Nyaguthii," alisema. "Andika tu vile alikufunza kazi. Vile alikuwa mtu wa ukweli." Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini kwa nguvu hata chai ikamwagika mezani. Mtu wa ukweli! Nilimjibu kwamba nitaona, nikakata simu, na asubuhi ile yote sikumsemesha mtu karakanani kwangu, isipokuwa kumgombeza fundi mmoja kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nilijaribu, lakini. Niliketi nikaandika kwamba marehemu alinipokea wakati hakuna karakana nyingine Nyeri iliyotaka msichana, na hilo ni kweli, nami nitalisema popote. Sentensi ya pili nikaikata. Ya tatu nikaikata pia. Kila nilipoanzia nilijikuta nimefika kwa mtu anayeitwa Kirimi, na Kirimi hana nafasi katika kijitabu chenye waridi kwenye jalada. Halafu Wangeci akanitumia rasimu ya wasifu niisome, na humo, katika aya ya pili, imeandikwa kwamba babake ndiye aliyebuni bamba la kwodi lenye madirisha. Hapo niliifunga kompyuta. Nina miaka arobaini na tano, magoti yananiuma baridi ya Julai ikiingia, na hasira hii nimekaa nayo miaka ishirini na miwili. Sitaipunguza makali ili watu wale wali wao kwa amani. Naandika hapa, kwa urefu ninaoutaka, habari za mwaka ule.

Karakana ya Baba Wangeci ilikuwa nyuma ya kituo cha petroli, mabati juu na mabati pembeni, na sakafu ya udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mgumu na mweusi. Ndani yake alikuwa amejitengea chumba alichokiita ofisi, na kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba kiasi kwamba kila alichosema kwenye simu tulikisikia. Hakujali. Hakutuhesabu kuwa watu wenye masikio. Nyuma kulikuwa na stoo yenye dirisha moja, jiko la makaa, na kiti cha nyuma cha gari kuukuu tulichokigeuza benchi. Hapo ndipo tulipokula. Nilifika nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha kuchomelea ambacho karakana tano zilikuwa zimekitazama, zikanitazama mimi, kisha zikaniuliza kama najua kupika. Yeye hakuuliza hivyo. Alinitupia kofia ya kuchomelea akasema, "Tuone." Kwa neno hilo moja ningeweza kumfia.

Kazi iliyoipa karakana jina ilikuwa kuzivalisha kwodi chuma. Kwodi ni zile pikipiki za magurudumu manne zinazopita mahali ambapo gari haliwezi kupita, na huku kwetu zinatumiwa na wasimamizi wa mashamba, watu wa mifugo na watu wa misitu. Zinatoka kiwandani na plastiki nyembamba tu chini ya tumbo. Jiwe moja au kisiki kimoja kinatosha kutoboa injini, oili yote ikabaki njiani. Sisi tuliitoa plastiki ile tukafunga bamba la chuma la milimita nne, tukaweka bampa mbele, na vikinga kwenye ile mikono inayoshika magurudumu. Bamba lenyewe halichomelewi kwenye fremu, maana siku ya kubadilisha oili litakupa taabu. Linashikwa kwa bolti na vibanio, na katikati unaweka vipande vya mpira wa tairi ili lisipige kelele. Baba Wangeci alilikunja lake kingo zote kwenda juu, bila tundu lolote ila lile dogo la kumwagia oili, na akaliita sufuria. Lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Alikuwa mtu wa Giakanja, amelelewa kwenye matope mekundu, na wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa chai wa Kangari, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Adui aliyemjua alikuwa matope na visiki vya michai iliyokatwa. Alipenda kulipiga bamba teke mbele ya mteja na kucheka. "Hii ni sufuria! Hata maji ikitaka kuingia itaomba ruhusa!"

Kirimi alikuwa fundi wake mkubwa. Alikaribia miaka thelathini na tano wakati huo, mtu wa maneno machache, mzaliwa wa upande wa pili wa mlima, kule chini ya Chuka ambako mvua ya mlima inaishia na ardhi inaanza kukauka. Baba Wangeci alimwita mtu wa ng'ambo. "Kirimi, ni ukweli huko kwenu mvua mnaionanga kwa kalenda?" Kirimi alicheka kila mara, hata mara ya mia. Alipotoka likizo alirudi na gunia dogo la ndengu, akazipika mwenyewe stooni kwa kitunguu na mafuta kidogo, na sisi wenye githeri, mahindi na maharagwe kila siku, tulizikimbilia bila aibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, si marehemu. Alisimama nyuma yangu, mikono kwenye mifuko ya ovaroli, akaniambia, "Wacha kuangalia moto. Moto ni ya kuonyesha watu. Angalia ile dimbwi ya chuma iko nyuma ya moto, uitembeze pole pole." Nimewaambia vijana wangu maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu.

Mnamo Januari ilikuja kwodi mpya kutoka ranchi moja ya ng'ombe upande wa Naro Moru. Aliyeileta alikuwa Ndung'u, kijana wa rika langu ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka ua wa ranchi kila siku, kutazama nyaya na nguzo. Alikuja na maziwa ya lita tano, akaingia stooni kana kwamba amezaliwa humo, akaketi kwenye kiti chetu na kuomba sahani. Alikuwa mtu wa kelele. Aliipenda ile kwodi hata alisema amemwambia mamake asimtafutie msichana mwingine. "Huyu ndio bibi yangu. Akipewa mafuta hanuni." Tulicheka wote. Kirimi ndiye aliyeacha kula na kumuuliza, "Huko unapita, nyasi iko aje?" Ndung'u akaonyesha goti. "Ya hapa. Saa hii imekauka kabisa, ukiigusa inavunjika." Kirimi akaweka kijiko chini. Alimwuliza tena kama ekzosi, lile bomba la moshi, inapata moto sana, kama anaendesha kutwa nzima, na saa ngapi anasimama. Ndung'u alimtania kwamba anauliza maswali ya daktari.

Alasiri ile Kirimi alimwendea Baba Wangeci, na mimi nilikuwa karibu nikipanga rodi za kuchomelea. "Bosi, hii ya Naro Moru tusiweke sufuria. Nitakata madirisha chini ya ekzosi, mtu aweze kutoa nyasi na fimbo." Baba Wangeci alikuwa akitafuta namba kwenye simu. "Sufuria haina madirisha." Kirimi hakuondoka. "Bosi, nyinyi mmezaliwa kwa matope. Matope ikijaa, injini inachemka, unasimama, unaosha. Nyasi ikijaa inakaa hapo kwa ekzosi inangoja. Huko kwetu nimeona trekta ikiungua hivyo, na ilikuwa saa sita mchana." Mlima ni mmoja, lakini watu wa Tetu, kwao Baba Wangeci, na watu wa nyanda za Kieni, iliko Naro Moru, hawaishi chini ya mvua moja, na karakana nzima ile hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo isipokuwa mtu aliyetoka mbali. Baba Wangeci alipunga mkono. "Fanya vile unataka." Kirimi akakata madirisha manne, marefu kama kiganja, akayapiga tupa kingo zote zisimkate mtu mkono. Ndung'u alipopita kuitazama kazi, Kirimi alimfundisha: kila jioni fimbo na maji, usilale kabla hujatoa nyasi. Kisha akaomba siku nne za kwenda nyumbani kuvuna, akaondoka.

Sasa nifike pale ninapopachukia. Siku ya pili baada ya Kirimi kuondoka, meneja wa ranchi alipiga simu kwamba anakuja na pikapu kuichukua kwodi. Baba Wangeci akainama kulitazama bamba, akayaona yale madirisha, akasimama amekunja uso. "Huyu mtu ananipea chujio nipatie kastoma? Ati mtu alete pesa yake apewe chujio?" Alizunguka kwodi mara mbili. Halafu akanitazama mimi. "Nyaguthii. Ziba." Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Kirimi hakuwepo. Lakini mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimesikia kila neno kuhusu nyasi na trekta. Ningeweza kusema, "Lakini Kirimi alisema." Maneno matatu. Sikuyasema kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza nipewe kazi peke yangu, kazi ambayo mteja angeiona, na mwili wangu wote ulifurahi. Nilikata vipande vinne, nikavikaza kwa vibanio, nikavaa kofia. Niliangalia dimbwi nyuma ya moto kama nilivyofundishwa. Sijawahi kuchomelea vizuri vile kabla ya siku ile. Nilisaga kwa grinda mpaka upande wa chini ukawa laini, upande wa ndani nikauacha na mistari yake ya kuchomelea kwa sababu nilijivunia mistari ile, nikapaka rangi nyeusi. Meneja alipokuja, Baba Wangeci alilipiga bamba teke akasema, "Angalia kazi ya msichana wangu." Nilirudi nyumbani jioni nikiimba.

Ndung'u alipiga simu siku iliyofuata kuuliza madirisha yamekwenda wapi, na nikamsikia Baba Wangeci kupitia ukuta ule wa mbao. Alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Hapana, hapana. Ni Kirimi mwenyewe alibadilisha mawazo. Alisema haina haja. Si unajua yeye ndio fundi? Basi mwamini." Akacheka, akamwuliza habari za maziwa. Nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia. Na Kirimi aliporudi na ndengu zake, kabla hata hajavua koti, aliuliza mbele yetu sote, "Ile ya Naro Moru ilienda na madirisha?" Baba Wangeci akajibu, "Ilienda." Kirimi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuwasha jiko. Swali lile liliulizwa nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Bado kulikuwa na wakati. Bado Ndung'u alikuwa na miguu miwili mizima. Nikajiambia kwamba mwenye karakana anajua zaidi, kwamba si mahali pangu, kwamba labda Kirimi anaogopa nyasi kwa sababu ya huko kwao. Nilijiambia mengi, na zile ndengu nilizila.

Ilichukua wiki tatu. Ndung'u alikuwa mbali na nyumba za ranchi, anafuata ua, akasikia harufu akadhani ni mtu anachoma makaa. Nyasi zilikuwa zimejaa ndani ya sufuria, zimeshindiliwa juu ya ekzosi, na hazikuwa na pa kutokea. Moto ulipopanda uliukuta mpira wa petroli. Aliruka, lakini mguu wa kushoto ulinaswa, na gambuti ikayeyuka mguuni. Waliomkuta walisema walijaribu kuivua na wakaacha. Haya niliyasikia kutoka kwa meneja, aliyekuja asubuhi moja akalitupa lile bamba kwenye sakafu yetu. Rangi ilikuwa imeungua yote. "Nani alifanya hii kazi?" Baba Wangeci hakumeza hata mate. "Kirimi," alisema. "Hii ni kazi ya Kirimi, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

Kirimi alipiga magoti akaligeuza bamba. Upande wa ndani ulikuwa umebaki chuma kitupu, na ile mistari yangu minne ilionekana wazi. Kila fundi ana mkono wake kwenye chuma. Anayeujua haumpotei, na Kirimi alikuwa ameutazama mkono wangu ukikua tangu siku ya kwanza. Alipitisha kidole gumba juu ya mstari mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akanitazama. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai na vikombe. "Hii si mkono yangu," alisema bila kuniondolea macho. Baba Wangeci akacheka kicheko kibaya. "Ni mkono ya nani basi? Ya huyu msichana? Huyu hata kushika rodi bado ni shida!" Kazi yangu nzuri kuliko zote, na mtu aliyenisifu kwa ajili yake alikuwa sasa anasema sijui kushika rodi, na mimi nikayapokea matusi yale kwa shukrani kwa sababu yaliniokoa. Hilo ndilo linalonifanya nisage meno hata leo. Nilimimina chai. Baba Wangeci akamgeukia meneja. "Mtu wa ng'ambo ni hivyo. Anakuharibia jina halafu anarudi kwao." Kirimi akasimama, akavua ovaroli ya karakana, akaichukua kofia yake ya kuchomelea na koti. Alitembea polepole mpaka langoni. Alisimama pale kidogo, mgongo ukiwa kwetu, halafu akatoka.

Meneja alipoondoka, Baba Wangeci aliingia ofisini na kuanza kupiga simu. Duka la vyuma, karakana ya jirani, watu wake wa Karatina, mmoja baada ya mwingine. "Kuna fundi anaitwa Kirimi. Ndio, huyo. Akikuja kwako usimpee kazi. Amechoma mtu." Niliyasikia yote kupitia ukuta, maana mchana ule nilikula chakula changu stooni, peke yangu kwenye kile kiti, na nilimaliza sahani nzima. Watu husema hasira au aibu humkosesha mtu chakula. Mimi nilikula. Mwezi ule nikapewa benchi ya Kirimi na grinda yake, na Baba Wangeci akaanza kunipa kazi kubwa kubwa, na hakutaja jambo lile hata siku moja. Ila kabla ya mwaka kuisha, alipoletewa kwodi nyingine ya upande wa Kieni, aliniambia, "Kata madirisha manne chini ya ekzosi. Marefu kama kiganja." Alilisema mbele ya mteja kama wazo lake, akaliita sufuria ya Kieni, na mteja akamsifu. Nilikata. Nimekata tangu hapo. Karakana yangu mwenyewe imejengwa juu ya madirisha yale, watu wananitafuta kutoka Nanyuki hadi Embu kwa sababu ya mabamba hayo, na sasa kijitabu cha mazishi kinataka kuyazika pamoja na mwizi wake, kwa sifa na nyimbo.

Mimi pia ni mwizi, najua. Simwandiki marehemu ili nijitakase. Yeye alisema uongo mara tatu mbele yangu, nami mara tatu nilinyamaza, na sijui mizani gani ingetupima ikamwona mmoja wetu ni mwepesi. Lakini yeye amekufa akiwa mtu wa ukweli, ana kwaya na hema mbili na mchungaji, na Kirimi anaishi mahali fulani na jina la mtu aliyechoma mwenzake. Jumanne nilishinda nikitafuta namba yake. Niliipata jioni kwa fundi mmoja wa Chuka aliyenunua bolti kwangu zamani. Simu iliita sana. Alipopokea, nilijitaja jina.

"Nyaguthii wa kwa Baba Wangeci," alisema. Nilimwambia kwamba mzee amefariki. Nilimwambia wananitaka niseme maneno, na kwamba Alhamisi nitasimama mbele ya kaburi na kusema nani aliziba madirisha na nani alitoa amri, watu wote wasikie, Giakanja nzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miaka mingi na nilifikiri atafurahi. "Usifanye hivyo," alisema. "Maiti itasikia nini? Utaumiza tu huyo mama na watoto, halafu uende nyumbani ukihisi mzuri." Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile, maana mkono wangu aliuona. Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nilingoja wewe useme! Hukuona nikisimama kwa lango? Nilingoja hapo. Nilijiambia nihesabu pole pole, huyu ni mtoto, ameogopa, atasema. Hukusema. Basi nikachoka na nyinyi wote." Nililia. Hakunibembeleza. Alisema siku hizi analima ndengu na kurekebisha pampu za watu, kofia ya kuchomelea hajaivaa tena, na nikitaka kumwambia mtu ukweli, kuna mtu mmoja tu anayeudai. "Nenda kwa Ndung'u. Huyo ndio aliungua. Huyo ndio anafaa kujua. Si mimi, mimi najua."

Jumatano asubuhi Wangeci alipiga tena kuuliza ukurasa. Nikamwambia sitaandika. "Nyaguthii, kwani alikukosea nini? Wafu hawasemwi vibaya." Nilimjibu kwamba ndiyo maana siandiki, na nikaliwasha gari. Njia yote mpaka Naro Moru nilikuwa na hasira na Kirimi, naungama hilo, kwa sababu alikuwa amenipokonya ile siku ya kaburini niliyokuwa nimeitamani. Kaburini ningekuwa shujaa. Kwa Ndung'u ningekuwa nani?

Boma lake liko mbali kidogo na mji, nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani, na mbuzi wachache. Alikuwa ameketi nje juani akimenya mahindi, kiatu kimoja kirefu cha ngozi mguuni, kile cha kutengenezewa, na kingine cha kawaida. Amenenepa, amekuwa mzee kabla ya wakati wake. Alinitambua mara moja akapiga kelele ile ile ya zamani. "Nyaguthii! Msichana wa welding! Kuja, kuja uketi. Umesikia mzee ameenda? Alikuwa mtu mzuri. Aliniletea unga hospitali." Mkewe akanipa kiti na kikombe cha uji. Nilikishika kile kikombe bila kunywa, nikamwambia yote, moja kwa moja, kabla hajauliza habari za watoto. Kwamba Kirimi hakubadilisha mawazo. Kwamba alikuwa kwao akivuna. Kwamba mzee ndiye aliyeamuru, na mkono ulioziba ni huu. Niliunyoosha. Kwamba nilimsikia akidanganywa kwenye simu nami nilikuwa nafagia.

Aliendelea kumenya hindi lile mpaka likaisha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitambaa. Ndung'u akasema, akiongea na yale mahindi, "Alikuja hospitali. Kirimi. Wiki ya pili. Alikuja na ndizi." Akachukua hindi jingine. "Nilimtemea mate. Hapa, kwa uso. Wadi nzima ikiona. Nikamwambia, ulijua, wewe ndio ulinionyesha ile fimbo na maji, ulijua na ukaziba. Akapanguza uso. Alifungua mdomo hivi, halafu akafunga. Akaweka ndizi kwa meza akaenda." Alilikamata goti lake la kushoto kwa mikono miwili akalisogeza, kama mtu anavyosogeza kitu kisicho chake. "Miaka yote hii, kila asubuhi nikivaa hii kiatu, kitu ya kwanza natoa kwa mdomo ni laana. Kabla ya maombi. Uliza huyu mama. Nimelaani yule mtu kila siku."

Nilisema, "Ndung'u, nisamehe." Neno lilitoka dogo, na nililijua ni dogo hata kabla halijamfikia. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, na ile kelele yote ilikuwa imemtoka usoni. "Toka kwangu," alisema. Hakupaza sauti. "Sitaki kukuona kwa hii boma tena, wewe na hiyo mkono yako. Enda mkazike huyo mzee wenu." Nikasimama. Kikombe nikakiweka juu ya kiti. Nilikuwa nimepiga hatua mbili tatu aliponiita. "Ngoja. Uko na namba yake?" Nikasema ninayo. "Iache." Mkewe akaniletea kipande cha kalenda na kalamu, nikaandika juu ya paja langu, tarakimu mbili nikazikosea nikazikata nikaandika upya, naye akainyakua ile karatasi mkononi mwangu bila kunigusa.

Nilipofika kwenye gari sikuweza kuliwasha. Kioo kilikuwa wazi. Nilimwona Ndung'u akiishika simu mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wetu, akibonyeza kidogo kidogo, mkewe akimsomea tarakimu moja moja. Kisha akaiweka sikioni, akajaribu kusimama, kiatu kikamkwama, akasimama.

"Kirimi?" alisema. "Ni Ndung'u. Ndung'u wa kwodi." Akangoja, mkono mmoja umeshika ukuta wa nyumba. "Usikate. Tafadhali, usikate."